Bwana Lazimisha

Naapa kwa meno yangu kumi na tisa yaliyobaki, na anayetaka kuyahesabu aje amenawa mikono, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata chembe. Chumvi yenyewe daktari amenikataza.

Miaka ishirini na sita iliyopita, saa nne asubuhi, mtambo wa simu wa kituo cha mlimani ulikata roho mbele ya macho yangu. Mji mzima ukawa bubu. Mimi, fundi wa zamu, sikuwa na la kufanya ila moja: nikavua viatu, nikashika ncha moja ya waya kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, nikajigeuza daraja. Simu za watu zikapita kifuani mwangu kwa muda wa saa sita na dakika kumi. Nilimsikia mama mmoja akikataa katakata kuuza cherehani yake. Nilimsikia bwana mmoja akimwambia mkewe kwamba yuko kazini, na nyuma yake mtu anachanga karata. Uvumilivu ukanishinda, nikamwambia, "Nenda nyumbani wewe!" Akajibu, "Ndiyo, mzee." Tangu siku hiyo, simu yoyote ikikaribia kuita, goti langu la kushoto hutangulia kulia.

Hadithi hiyo nimeisimulia harusini, kwenye foleni ya hospitali, na mezani kwangu mbele ya wageni wa kila aina. Watu huangua kicheko hapo kwenye goti. Aliyekuwa akicheka kwa sauti ya chini kuliko wote, huku akitazama kikombe chake, ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Sasa yafuteni yote hayo kichwani. Humo ndani kuna jambo moja tu la kweli: saa sita na dakika kumi.

Kazi ya simu sikusomea. Niliajiriwa kufungua geti la kituo, na geti lenyewe lilifunguliwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuchungulia. Nilichungulia miaka minne. Fundi wa zamani alipougua, mimi ndiye niliyejua waya gani unakwenda wapi, wakaniacha hapo hapo na jina la fundi. Wenzangu waliniita Spana. Niliona fahari, lakini fahari ya mtu wa geti ina kidonda ndani: akija mtu mwenye cheti, unaanza kukohoa.

Mtambo wenyewe nitaueleza kwa lugha ya nyumbani. Fikirieni msusi. Simu mia kadhaa zinaingia kila moja kivyake, mtambo unazisuka pamoja ziwe uzi mmoja mwembamba wa kioo, uzi unateremka mlima na kwenda mbali, na huko mwisho mtambo mwenzake unafumua nywele moja moja, kila simu kwa mwenyewe. Basi. Ndani ya kabati la mtambo zilipangwa kadi, kubwa kama sinia ndogo, na zile zilizoamua nani asukwe na nani zilikuwa mbili. Ya kwanza inafanya kazi. Ya pili inakaa tu, imewaka taa, inasubiri. Ya kwanza ikichoka, ya pili inapokea, na anayeongea na simu hajui kama kuna kilichotokea.

Na kwa kuwa anayekaa bila kazi anaweza kufa bila mtu kujua, tulikuwa na utaratibu. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi fundi anahamisha kazi kwenda kadi ya pili, anaiacha robo saa, anairudisha, kisha anaandika kwenye daftari la kituo: imepimwa, nzuri. Sahihi.

Shemeji alikuwa makao makuu, mwendo wa saa tatu kwa gari, kwenye chumba cha uangalizi. Mbele yake skrini, na kwenye skrini vituo arobaini. Kutoka kwenye kiti chake aliona joto la kila kadi, akaweza kuhamisha kazi, kuzima, kuwasha, bila kunyanyuka. Chumba kile walikaa watu watatu tu katika shirika zima, na yeye ndiye mdogo wao, mwenye miaka thelathini na nne, na walishasema kwamba mkuu wa chumba akistaafu kiti ni chake. Mama yao, mkwe wangu, alikuwa akimwambia kila anayepita mlangoni: "Mwanangu anaona nchi nzima, amekaa."

Sasa nije kwenye uchafu wangu.

Alikuja kituoni injinia kijana, viatu vinang'aa, akaniuliza, "Fundi, humu ndani ya kadi kuna nini hasa?" Nikamjibu, "Kuna mambo." Akacheka. Hakucheka vibaya, nadhani, lakini nililala na kicheko hicho siku tatu. Jumamosi iliyofuata nikaamua kwamba mimi Spana sitaulizwa tena swali hilo nikajibu "kuna mambo".

Nilianza kwa kuuziba mdomo mtambo. Ipo amri, unaiandika kwenye kompyuta ya kituo, inauambia mtambo usipige kelele makao makuu kuhusu kadi fulani kwa sababu fundi anaishughulikia. Nikaiandika kwa kadi ya pili. Kwenye skrini ya shemeji kadi ikabaki kijani, ila pembeni yake kikatokea kidoti cha kijivu kidogo kama punje ya pilipili manga, ambacho mtu mwenye vituo arobaini hakioni kwa urahisi. Nikaichomoa kadi, nikaifunga kwenye taulo, nikaenda nayo nyumbani.

Niliifungua juu ya meza ya kulia chakula. Mke wangu alikuwa na mimba ya binti yetu, amelala chumbani miguu imemvimba, akaniuliza kwa mbali, "Mzee, unafanya nini huko?" Nikasema, "Natengeneza pasi." Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza kulikuwa na uongo, na pasi ikaingizwa kwenye kesi isiyoihusu.

Niliona mambo, kweli. Niliona pia kwamba vidude vya mle ndani vina miguu myembamba kuliko nywele, na kwamba bisibisi yangu ilitengenezwa kwa ajili ya bawaba za milango. Miguu mitatu ikakatika. Nikaiunga kwa risasi ya kuyeyusha, na mkono wangu kwenye kuunga ni mzito. Naacha vibonge vya mviringo vinavyofuatana kama kinyesi cha mbuzi. Jumapili nikairudisha kituoni. Nikaichomeka. Taa ya mbele ikawaka kijani, maana taa ile inataka umeme tu, haiulizi kitu kingine. Nikajaribu kuihamishia kazi. Kimya. Ilikuwa maiti iliyofumbuliwa macho.

Kuomba kadi mpya kulitaka fomu, na fomu ilikuwa na mstari mmoja: sababu ya kuharibika. Nilikaa na kalamu mbele ya mstari ule mpaka chai ikapoa. Kisha nikaiweka fomu kwenye droo, nikajiambia wiki ijayo. Ile amri ya kuziba mdomo sikuiondoa. Jumatatu saa tatu nikafungua daftari, nikaandika: imepimwa, nzuri. Jumatatu ya pili, imepimwa, nzuri. Mbili hizo niliandika haraka, bila kuketi. Kuanzia ya tatu nikawa napata mpaka mwandiko wa kuremba. Jumatatu kumi na nne.

Wiki ya kumi na nne, siku ya Jumatano, bosi wa kanda alikuja kukagua. Nikamwandalia kiti na chai. Akaomba daftari, akalipekua, akasema, "Fundi, hili ndilo daftari safi kuliko yote niliyoyaona. Wenye vyeti waje wajifunze hapa." Akatoa kalamu yake ya wino, akatia sahihi chini ya Jumatatu zangu kumi na nne. Nilivimba kichwa, siwafichi. Alitoka nalo mkononi kwenda kutazama jenereta, akaurudisha mlango nyuma yake kwa sababu ya kiyoyozi.

Hapo simu ya ukutani ikalia, shemeji kutoka makao makuu.

"Shemeji," akasema, "kadi yako ya kwanza inapanda joto. Feni yake naona imesimama."

Nikaweka kiganja kwenye kabati. Kweli, lilikuwa kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi.

"Nakuhamishia ya pili," akasema. Nikasikia kibodi yake. "Mbona imekataa? Inaniambia haina uhakika na hali ya kadi ya pili. Wewe Jumatatu uliipima?"

"Imo daftarini," nikasema.

"Basi itakuwa mtambo umechanganyikiwa na joto. Naweza kulazimisha. Nikilazimisha itapokea tu, haitauliza tena. Shemeji, uko hapo, unaiona. Nilazimishe?"

Dirishani nilimwona bosi akizunguka jenereta, daftari kwapani. Kabla sijafungua mdomo, laini ikafa.

Ilikufa mkononi mwangu, kwa sababu simu ile nayo ilisukwa na mtambo ule ule. Na amri za shemeji zilipita njia hiyo hiyo; akitaka kurudisha alichokifanya, hana tena pa kupitia. Skrini yake ikawa na vituo thelathini na tisa na tundu moja. Mimi nikajaribu kuirudisha kadi ya kwanza kwa mkono, ikawa imeshaungua, ikagoma. Ikabidi kisubiriwe kifaa kutoka makao makuu. Saa sita na dakika kumi. Mji ulikaa bila simu, hospitali ikatuma pikipiki kuita madaktari majumbani mwao, na mimi sikushika waya wowote. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikiitazama ile taa ya kijani ya kadi ya pili, inawaka vizuri, kama haijui lolote.

Juma lililofuata tuliitwa mbele ya meza ndefu. Walikuwa wamechapa kumbukumbu za mtambo za siku ile moja tu. Karatasi ilisema wazi: saa nne na dakika nane, amri ya kulazimisha, kutoka makao makuu, na namba ya shemeji. Upande mwingine wa meza lilikaa daftari langu, lina sahihi ya bosi wa kanda. Bosi mwenyewe alikuwa mmoja wa wanaouliza.

Shemeji akasema, "Nilimuuliza fundi kwanza."

Wakanigeukia. Nikasema laini ilikufa kabla sijajibu, na kwamba kadi ilikuwa nzima Jumatatu, joto ndilo lililoiua. Shemeji akanitazama. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Hawakumfukuza. Walimtoa chumba cha uangalizi, wakampeleka stoo kuhesabu mabunda ya waya na masanduku ya bolti. Kiti alichoahidiwa akakalia mwingine. Na watu wa stoo, ambao hawana simile, siku ya kwanza tu walimpokea kwa jina: "Karibu, Bwana Lazimisha!" Mlango ukigoma, anaitwa Bwana Lazimisha aje. Boksi halifunguki, Bwana Lazimisha yuko wapi? Jina likatoka stoo likafika mtaani. Niliwahi kumsikia mtoto wa jirani akimwamkia, "Shikamoo, Mzee Lazimisha," kwa heshima zote, akidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mama yao hakuwaambia tena wapita njia kwamba mwanawe anaona nchi nzima. Alikuwa akiulizwa anasema, "Yupo, yupo kazini."

Na mimi nikaanza kusimulia habari za goti. Mwanzoni nilitaka watu wacheke ili wasiulize. Baadaye nikawa naipenda.

Binti yetu alizaliwa, akasoma, akawa injinia, akaajiriwa na shirika lile lile. Mwezi uliopita walimpa kazi ya kuzima mitambo ya zamani, mmoja mmoja. Alipofika kituo cha mlimani aliuzima, na kabla haujapelekwa kwenye chakavu, akavuta kumbukumbu zote zilizomo ndani. Siyo za siku moja. Zote. Mtambo ule hukumbuka kila amri iliyoandikwa, siku yake, saa yake na aliyeiandika. Alitaka kuiona ile siku maarufu ya baba yake, anichapie karatasi niitundike ukutani.

Alikuja nyumbani Jumapili mchana. Tulikuwa mezani, mimi na mama yake. Akaweka karatasi karibu na sahani yangu.

"Baba, nisaidie. Hii amri ya kuziba mdomo alamu ya kadi ya pili, iliandikwa wiki kumi na nne kabla ya ajali. Na haikuondolewa. Mtumiaji 'spana' ni nani?"

"Spana walikuwa wengi," nikasema.

"Kituo kilikuwa na fundi mmoja."

"Wapaka rangi walikuja mwezi ule. Watu wale wana mikono mirefu sana."

"Wapaka rangi walijua neno lako la siri?"

"Panya, basi. Mwanangu, wewe huwajui panya wa mlimani. Anatembea juu ya kibodi kwa miguu minne, anaandika kuliko karani."

Hakucheka. Nimemlea mimi mtoto huyu, najua kicheko chake kinapoanzia, pale kwenye pua, pua haikutikisika. "Na Jumatatu kumi na nne," akasema, "hakuna hata amri moja ya kuhamisha kazi. Zote kabla yake zipo, saa tatu na dakika mbili, saa tatu na dakika tano. Hizi kumi na nne hazipo. Daftari lipo kwenye makabati ya ofisi, Baba. Nimelisoma. Una mwandiko mzuri."

Nilitamani sakafu inimeze na kiti changu.

Mke wangu alikuwa ameshika kijiko cha mchuzi hewani. Akakirudisha kwenye bakuli taratibu. "Pasi," akasema.

"Nini?"

"Ulisema unatengeneza pasi. Sisi wakati ule tulikuwa hatuna pasi. Tulikuwa tunaazima kwa jirani." Akanyanyuka. "Mzee, kaka yangu amekula kwenye meza hii miaka ishirini na sita huku unamchekesha. Hebu niambie, ulikuwa unamchekesha au unamcheka?"

Nikavuta sahani yangu karibu.

Binti akaniambia shemeji anastaafu Ijumaa ya wiki hii, na stoo watamfanyia chai ya kumuaga, na kwamba karatasi zile zitakwenda kwa wakuu kwa vyovyote vile. "Lakini Mjomba asizisikie kwa wakuu," akasema. "Nakupa nafasi umfikie kabla ya karatasi."

Kesho yake nilikwenda stoo. Nilimkuta amekaa kati ya mabunda ya waya, ameandika namba kwenye kipande cha boksi, miwani imeteremka puani. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, ya kuanzia mbali, nianze na injinia yule na viatu vyake. Nikafungua mdomo, yakatoka matatu tu: "Shemeji, ile kadi..."

"Najua," akasema.

Akafungua droo ya chini. Akatoa kitu kilichofungwa gazeti limekuwa la njano. Akakifungua magotini. Kadi ya pili. Akaigeuza mgongo, na nikaiona mistari yangu ya risasi, kinyesi cha mbuzi kilekile, kibonge baada ya kibonge.

"Ililetwa hapa na chakavu, mwezi wangu wa kwanza stoo," akasema. "Redio ya mama ulipoitengeneza uliunga hivi hivi. Mkono huu nitaacha kuujua?"

"Na hukusema?"

"Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ningesema, wewe ungefukuzwa siku ile ile, mtoto azaliwe baba hana kazi. Nikasema nitakusubiri useme mwenyewe." Akaifunga tena kadi, pembe kwa pembe. "Sikudhani utangoja mpaka mtoto azaliwe, asome, aajiriwe, aje akukamate."

Nilikaa juu ya bunda la waya. Nikalia, na hapa sipigi chuku; mtu wa stoo alipita na toroli akajifanya anatafuta bolti. Nikamwomba radhi. Nikamwambia aseme anachotaka, hata kama ni nini.

"Nataka uandike," akasema. "Kwa mkono wako, huo mwandiko wako wa kuremba. Yote. Na Ijumaa usimame hapa usome mwenyewe, mbele ya hawa. Wakuu watapewa nakala. Ukimaliza kuandika, niletee kwanza nikague. Mimi ndiye mtu wa stoo, hakitoki kitu bila kukaguliwa."

Haya mliyosoma tangu juu ndiyo niliyoandika.

Leo ni Alhamisi. Shemeji alikuja saa kumi jioni, jua bado lipo mezani. Alipewa chai. Binti yetu alikaa upande wake, mke wangu akasimama nyuma ya kiti chake, mkono begani kwa kaka yake. Akasoma ukurasa mmoja mmoja, kidole kinatembea chini ya mstari. Penye goti akacheka, tena kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia. Penye mama yao akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikaanza kupumua. Nikawaza, tumepita salama.

Kidole kikarudi nyuma kurasa mbili. Kikasimama.

"Hapa," akasema.

"Hapo vipi?"

"Soma."

Nikasoma: "Dirishani nilimwona bosi akizunguka jenereta, daftari kwapani. Kabla sijafungua mdomo, laini ikafa."

Kidole hakikuondoka kwenye mstari.

Binti akasema, "Mjomba, hilo mimi siwezi kulithibitisha. Mtambo unaandika amri, hauandiki sauti za watu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana aliliacha."

Na kweli ndiyo maana niliacha. Nilishakiri kadi, amri, daftari, pasi. Nilidhani kwa mzigo wote ule nitaachiwa kimoja kidogo cha kufia nacho. Kwa sababu kadi ilikuwa ujinga, na daftari lilikuwa woga. Lakini hiki kingine, mtu aliniuliza kwa upole, akiniita shemeji.

"Kadi kwamba ilikuwa mbovu wataisoma kwenye karatasi za mtoto," akasema. "Mimi hiyo siihitaji. Ukiliacha neno hili, kesho watasema, kumbe kadi ilikuwa mbovu, lakini huyu naye alikuwa na haraka, alilazimisha kabla hajajibiwa. Miaka ishirini na sita naitwa kwa neno ambalo sikulisema mimi. Mimi niliuliza, Shemeji. Nikasubiri. Nikakusikia unavyopumua. Wewe ukajibu."

Nikashika kalamu nifute ule mstari.

"Usifute," akasema. "Uache hapo hapo, waone ulivyo. Andika mwishoni."

Kwa hiyo naandika hapa, wao watatu wakiniangalia. Laini haikufa kabla sijafungua mdomo. Shemeji aliuliza, "Nilazimishe?" Nilimtazama bosi dirishani, nikaitazama taa ya kijani, nikahesabu mpaka labda nne. Nilijua kadi imekufa kama ninavyolijua jina langu. Nikamwambia, "Lazimisha, shemeji. Iko nzuri." Akasema, "Ahsante, Shemeji." Hapo ndipo laini ilipokufa. Neno la mwisho lililopita kwenye mtambo ule lilikuwa ahsante, na aliyepewa ni mimi.

Na goti halijawahi kulia.

Ameusoma mstari wa mwisho, amekusanya karatasi, amezigonga mezani zikae sawa. Kisha amezirudisha kwangu. "Hujatia sahihi," amesema. "Stoo hatupokei kitu bila sahihi."

Nimeuliza nitie jina gani, lile la kwenye kitambulisho au Spana.

Amenitazama bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Unalijua," amesema. "Nimekutunzia muda mrefu. Kesho wakikuita, itika."

Nimeandika kwa mwandiko ule ule wa kuremba:

Bwana Lazimisha.